Marejeo na rasimu: kabla hatujaanza kuandika

Habarini wanakikundi. Rasimu iko Google Docs, marejeo yapo Zotero, programu ya kutunza na kunukuu marejeo. Hapa WhatsApp ni pa kukumbushana tu. Tukikubaliana jambo hapa, liandikwe siku hiyohiyo juu kabisa ya rasimu, maana wiki ijayo hakuna atakayelipata chini ya salamu na stika.

Marejeo ndiyo yatakayotusumbua. Kila mmoja anukuu kutoka maktaba ya kikundi, si maktaba yake binafsi. Ukinukuu makala kutoka kwako na mwenzako akainukuu kutoka kikundini, Zotero huziona kama kazi mbili tofauti: orodha inarudia makala moja, na mwaka unaanza kuota 2019a na 2019b. Makala mpya iingizeni kwa namba ya DOI (namba ya kudumu inayotambulisha makala) kupitia kitufe cha Zotero chenye fimbo, kisha hakikini majina na mwaka. Taarifa zinazovutwa mara nyingine zina makosa.

PDF msipandishe zote. Nafasi ya bure ya Zotero ni MB 300, na faili za kikundi hula nafasi ya mwenye kikundi.

Rasimu isipakuliwe kwenda Word kisha ikarudishwa: manukuu hupoteza uhusiano na Zotero, hayajisasishi tena. Tutahamisha mara moja, mwishoni, kupitia mipangilio ya Zotero yenyewe. Ukigusa sentensi ya mwenzako, tumia hali ya mapendekezo.

Picha za majedwali zitumeni kama dokumenti. Zikitumwa kama picha hubanwa, tarakimu hazisomeki. Majina na namba za simu za washiriki wa utafiti zisipite hapa kabisa, hata kwa skrinishoti.