Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mbegu ya desmodiamu ipite njia ya mbolea ya ruzuku

Mheshimiwa Waziri,
Kilimo House, Nairobi.

Mimi ni mkulima wa simu. Naishi Kasarani, mahindi yangu yako Busia, na vibarua wa palizi huwalipa kwa M-Pesa. Tuko wengi mjini humu, na sote tunajua palizi inavyomeza pesa kabla hata ya gunia la kwanza kuonekana.

Kuna mimea inayopigana na magugu kwa kemikali zake yenyewe. Mizizi ya mtama hutoa sorgolioni, inayodumaza magugu machanga yaliyo jirani. Marekani, wakulima hupanda rai, nafaka inayofanana na ngano, huilaza chini, kisha hupanda soya juu ya mabaki yake. Mbegu ndogondogo za magugu hupata taabu kuota hapo. Mukuna ya kupandwa, ndugu wa upupu ila haiwashi, ina L-dopa, kemikali inayodumaza magugu, na ndiyo dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson.

Lakini kwetu magharibi adui ni striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kayongo ile yenye maua ya zambarau. Mmea mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri mzizi wa mahindi. Kung'oa hakusaidii sana, kwa sababu ikishachomoza imekwisha kunyonya. Hapo ndipo desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde unaopandwa katikati ya mistari ya mahindi, inaponifurahisha. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya striga, na nyingine zinazouzuia mzizi wake mchanga kushika mahindi. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Hazina ya mbegu udongoni inapungua msimu baada ya msimu. Juu ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni, hufukuza nondo wa funza wa mabua, na ng'ombe wanaipenda.

Elimu hii haikutoka mbali. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina makao yake hapa Kasarani. Ndiyo iliyokuza kilimo cha vuta-sukuma, yaani desmodiamu ndani ya mahindi ya kumsukuma nondo na majani ya malisho pembeni ya kumvuta, miaka ya 1990 pamoja na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza na wa taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, ambayo leo ni KALRO. Hata hivyo, ukiingia dukani kuulizia mbegu ya desmodiamu, utaonyeshwa rafu nzima ya dawa za kupuliza.

Mheshimiwa, usikubali mtu akuuzie jambo hili kama muujiza. Msimu wa kwanza desmodiamu yenyewe hupaliliwa kwa mkono mpaka itambae. Ndago, yenye viazi vyake ardhini, haitishiki kirahisi. Na kemikali hizi hazichagui: ukisia karoti mara tu baada ya kulaza rai, karoti nazo zitadumaa, kwa hiyo heri kungoja wiki mbili tatu.

Ombi langu ni moja. Mbegu za desmodiamu na mukuna zipitie njia ileile ya mbolea ya ruzuku, zikianza na kaunti zenye striga, na zifike kabla ya mvua ndefu. Pakiti ziwe ndogo, zenye maelezo ya Kiswahili, yakiwemo ya kuchanganya mbegu ya desmodiamu na mchanga kabla ya kuisia, maana ni ndogo mno. Atakayefanikiwa atamkatia jirani mashina akapande. Desmodiamu hushika hata kwa vipande vya shina, na ruzuku haitahitajika kila mwaka.

Wako,
Mkulima wa simu, Kasarani