Kwa mdogo wangu aliyeacha kwenda kliniki

Assalam aleikum mdogo wangu,

Nimesikia hujarudi kliniki tangu yule muuguzi akufunue, kisha akawaita wenzake waje watazame. Ule ulikuwa utovu wa adabu, na kutojua kazi pia. Lakini usikae nyumbani na mimba ya miezi mitano kwa sababu yake. Nakuandikia hadharani bila kukutaja, maana Garissa, Wajir na hapa Eastleigh mko wengi.

Wewe ulifanyiwa ukeketaji wa fircooni: nyama zilikatwa, pande mbili zikaunganishwa, likaachwa tundu dogo la mkojo na hedhi. Ndiyo maana haja ndogo inakuchukua muda mrefu vile na ugonjwa wa njia ya mkojo hauishi, kwa kuwa mkojo unatuama nyuma ya kovu. Wengi hudhani mimba ikishaingia basi njia imefunguka. Mbegu hazitaki nafasi kubwa, kichwa cha mtoto ndicho kinachoitaka.

Mwaka 2006 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa waliofungwa kama wewe, hatari ya kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua ilizidi ya wasiokeketwa kwa asilimia 69. Vichanga wao nao walihitaji zaidi kusaidiwa kupumua.

Kufunguliwa kovu hilo, ili mtoto apate njia, ni kazi ndogo. Unadungwa ganzi, mkunga au daktari aliyefunzwa anapitisha kidole chini ya kovu ili asiguse kilicho nyuma, anakata katikati kuelekea juu mpaka tundu la mkojo lionekane, halafu kila upande unashonwa peke yake ili zisishikane tena. Hakuna nyama inayoondolewa. Kama sindano pale itakurudisha siku ile ya utotoni, sema mapema, kwani kuna ganzi ya mgongo. Kitakachokushtua baadaye ni chooni: mkojo utatoka kwa kasi, tena kwa sauti. Wapo wanaokuja kwangu wakilia kwamba wameharibiwa! Wanawake wengine wanakojoa hivyo tangu wazaliwe.

Unaweza kufunguliwa sasa au wakati wa uchungu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakubali yote mawili. Mimi ningechagua sasa, maana hujui usiku wa uchungu utamkuta nani zamu. Na mtu akikuambia lazima upasuliwe tumbo kwa ajili ya kovu tu, muulize sababu nyingine ni ipi. Kovu peke yake halitoshi.

Kuna jambo la mama mkwe. Ukishajifungua, huenda akaomba urudishwe ulivyokuwa. Kushona palipochanika ili damu ikome ni sawa, ila kuziba tena mwongozo huohuo unakataza, na kila mimba ingekurudisha kwenye kisu. Zungumza na mumeo kabla, yeye ndiye atakayesimama mlangoni ukiwa umechoka. Kisha mwombe mkunga aandike katika kitabu chako cha kliniki kwamba ulifungwa, lini unafunguliwa, na kwamba hutaki kuzibwa.

Ukiona aibu kuanza kueleza, nipigie ukiwa hapohapo kwenye foleni, umpe mkunga simu.

Dada yako