Reli ya Tanga isiboreshwe kwa mabehewa pekee

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie reli yetu, ambayo ujenzi wake ulianza hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Kila yanapotajwa maboresho yake, mjadala huishia kwenye mabehewa mapya, jambo linalonisikitisha.

Tuitazame njia ya Piccadilly, reli ya chini ya ardhi ya London, iliyofunguliwa mwaka 1906. Mahandaki yake ni membamba, na kwa zaidi ya karne moja udongo wa mfinyanzi unaoyazunguka umefyonza joto la breki na mota za treni, hata wenyewe ukapata joto. Ndiyo maana treni 94 zilizoagizwa kwa kampuni ya Siemens mwaka 2018, zenye viyoyozi, zimebuniwa ziwe nyepesi na zirudishe umeme zinapofunga breki, huku karakana na mitambo ya umeme vikiboreshwa sambamba.

Kwetu hakuna handaki la namna hiyo, lakini kuna mvua za masika, ambazo hula tuta chini ya mataruma polepole bila abiria kuona. Wizara ya Uchukuzi itueleze bayana ni lini madaraja na mitaro ya kati ya Muheza, Korogwe na Mombo itakaguliwa, na taarifa hiyo itolewe kabla ya behewa lolote kununuliwa.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga