Ofisa wa Dawati la Watoto asihamishwe ovyo

Mhariri,

Ofisa wa polisi akishaiva katika Dawati la Jinsia na Watoto, kitengo cha polisi kinachoshughulikia kesi za ukatili wa kijinsia na ukatili dhidi ya watoto, mara nyingi barua ya uhamisho humkuta: kesho yuko usalama barabarani, na anayempokea hajawahi kumhoji mtoto hata mmoja. Tunaomba jambo hili litazamwe upya.

Wenzetu wa Marekani wanaye John Clark. Alikuwa mkurugenzi wa U.S. Marshals Service, chombo kinachosaka watoro wa sheria, wakati sheria ya mwaka 2006 ilipokiongezea kazi ya kuwasaka wahalifu wa ngono wanaokwepa kujisajili. Baadaye akaongoza National Center for Missing & Exploited Children, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1984 kusaidia kutafuta watoto waliopotea. Ujuzi wake wa kusaka watu ukaendelea kuwatumikia watoto.

Hapa Tanzania ujuzi wa ofisa wa dawati hupotea, na hasara yake huonekana mahakamani katika kesi za watoto waliobakwa. Kukamata mtuhumiwa ndiyo sehemu nyepesi, kwa kuwa mara nyingi ni ndugu au jirani anayejulikana. Kesi huharibika katika saa za mwanzo. Mtoto apelekwe hospitali kwanza, kwani dawa za kinga dhidi ya VVU zina kikomo cha saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Asiogeshwe kabla ya daktari kumwona. Nguo zake zikaushwe kivulini, kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi. Mfuko wa plastiki hubakiza unyevu, nguo huota ukungu, na ushahidi huoza pamoja nayo.

Kisha mahojiano. Ofisa mgeni huuliza, “Ni mjomba, siyo?” na hapo jibu limeshatiwa mdomoni. Mzoefu husema, “Niambie kilichotokea,” halafu hunyamaza, hata kimya kikawa kirefu. Huvaa nguo za kiraia, hukaa usawa wa mtoto, humwita ofisa ustawi wa jamii, na huhakikisha maelezo yanachukuliwa mara moja. Mtoto akihojiwa na watu wanne atatoa maelezo manne yenye tofauti ndogo ndogo, na wakili wa utetezi atazishika hizo hizo.

Umri nao husahaulika, wakati ndio nguzo ya shtaka: kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au maelezo ya mzazi yaingie kwenye jalada mapema. Kuandika tu umri kwenye hati ya mashtaka hakutoshi.

Zaidi ya yote kuna kumalizana kifamilia. Shauri likichelewa, fedha hupita mikononi mwa wazee, mtoto hupelekwa kwa shangazi mkoa wa mbali, na siku ya ushahidi kizimba kiko tupu. Anayeweza kuzuia hilo ni ofisa anayeijua familia ile na aliyeaminiwa na mama wa mtoto. Imani hiyo haikabidhiwi pamoja na funguo za ofisi.

Tunaliomba Jeshi la Polisi lifanye ulinzi wa mtoto kuwa fani yenye ngazi zake, kutoka kituo hadi makao makuu. Ofisa wa dawati akihamishwa, apelekwe dawati la mkoa mwingine. Na kabla hajaondoka, yeye na mrithi wake wapitie pamoja kila jalada lenye shahidi mtoto, kisha waitembelee familia husika wote wawili.

Wadau wa ulinzi wa mtoto,
Morogoro