Kamera za kipima umbali hazimcheleweshi mpiga picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashauri vijana wanaorudia kupiga picha kwa filamu wasihangaike na kamera za kipima umbali, yaani zile ambazo ukichungulia unaona katikati kiraka chenye mwanga na taswira mbili za kitu kimoja. Anadai kwamba kuzifokasi, yaani kuiweka lenzi ili kitu kitoke wazi, ni kazi ya polepole na ya kubahatisha. Nimepiga picha za harusi, za ubatizo na za pasipoti hapa Kigoma kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya muda huo nikitumia Yashica Electro 35, kamera iliyotoka Japani mwaka 1966, na sikubaliani naye hata kidogo.

Kamera hizi hupima umbali kama macho yetu yanavyoupima. Zina vidirisha viwili vilivyoachana upande wa mbele, kila kimoja kikikiona kitu kwa pembe yake, na unapozungusha pete ya lenzi taswira ya kidirisha cha pili husogea mpaka ikailalia ile ya kwanza, na hapo lenzi imefika kwenye umbali unaotakiwa. Leica, kamera ya Ujerumani, iliunganisha kipimo hicho na lenzi mwaka 1932, na katika Leica M3 ya mwaka 1954 vidirisha viliachana kwa milimita 68.5, zaidi kidogo tu ya nafasi iliyopo kati ya mboni za mtu mzima. Kwa kuwa kipimo hakipiti ndani ya lenzi, usahihi wake haupungui unapotumia lenzi pana inayochukua eneo kubwa, na katika chumba chenye mwanga hafifu bado utaziona taswira zikikutana, wakati mwenye kamera ya kutazamia kupitia lenzi yenyewe anajiuliza kama uso umekaa sawa au bado.

Naamini wengi wanaolalamika wana kamera ambazo hazijakaguliwa kwa miaka mingi, na hilo nalijua kwa machungu. Yangu niliwahi kuipeleka kwa fundi, ikarudi imesafishwa vizuri, na Jumamosi iliyofuata nikaenda nayo kwenye harusi Ujiji. Bibi harusi alikaa karibu na taa, nikafungua tundu la lenzi mpaka f/1.7, yaani pana kabisa, nami niko mita 1 kutoka kwake. Kwa hali hiyo sehemu inayokaa kwenye fokasi haifiki hata sentimita 5. Nilipozisafisha picha, nyuzi za ushungi nyuma ya sikio lake zilihesabika moja moja, lakini kope zilikuwa zimefunikwa na ukungu. Familia ile haikuweza kurudia siku yao, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi yake niliteremka ufukweni, nikapeleka pete mpaka mwisho wa alama ya umbali usio na kikomo, kisha nikalenga mteremko mkali wa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kamera iliyo sawa lazima ionyeshe mlima mmoja. Mimi niliona kingo mbili, moja pembeni ya nyingine, kama ukurasa uliochapwa mara mbili. Tangu hapo sifungi safari ya kazi bila kufanya ukaguzi huo, ambao hauchukui hata dakika moja. Kiangazi moshi na vumbi vinapoificha Kongo, natumia mwezi au mnara wa simu ulio mbali sana.

Sasa nije kwenye kasi, ambayo huanzia mkononi kabla ya kufika jichoni. Kila nikimaliza picha nairudisha pete kwenye alama ya mbali, ili vidole vijue kwamba picha inayofuata vitakwenda upande mmoja tu. Anayeacha pete popote ilipo hupoteza muda akiipeleka mbele na nyuma, na mtu aliyetaka kumpiga ameshageuka. Kijana anaweza kujizoeza nyumbani bila kutumia hata mkanda mmoja: akadirie umbali wa mlango au wa ndoo ya maji, aweke pete bila kuchungulia, kisha achungulie aone amekosea kiasi gani. Mkono unajifunza haraka kuliko watu wanavyodhani. Na mchana wa jua pale Kibirizi, nikiwa na filamu ya ISO 200 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), naweka f/11, yaani tundu dogo, na pete kwenye mita 3, na kila kilicho kati ya mita 2 na karibu mita 6 kinatoka kikali vya kutosha, hivyo mama anayegeuza dagaa akiinua uso sina cha kuzungusha, nabonyeza tu.

Jambo jingine ambalo wanaoanza hawaambiwi ni kwamba taswira husogea kulia na kushoto tu, kwa hiyo mstari uliolala, kama ukingo wa meza, hausemi lolote. Tafuta mstari uliosimama: fremu ya mlango, mshono wa kanzu, ubavu wa pua, usipoupata, simamisha kamera wima upime, kisha uirudishe. Jihadhari na kanga yenye madoa yanayofanana, kwa maana doa moja linaweza kulilalia la jirani yake nawe ukadhani umefika.

Nakiri kwamba kwa lenzi ndefu sana za kuvuta vitu vya mbali, au kwa kitu kilicho karibu kuliko sentimita 80 ambako Yashica yangu haifiki, kamera hizi si chaguo langu.

Lakini msomaji mwenzangu alisema pia kwamba usiku hazina kazi kabisa, na hapo amekosea zaidi. Jioni mitumbwi ya dagaa inapojiandaa kutoka na taa zinawashwa moja baada ya nyingine, kila taa ndani ya kiraka huonekana nukta mbili, na kuzifanya nukta hizo kuwa moja ni rahisi kuliko kufokasi uso mchana. Nipo Kibirizi jioni nyingi zisizo na mbalamwezi, na akipenda kujaribu nitampa kamera yangu aishike mwenyewe.

Mpiga picha wa siku nyingi,
Mwanga, Kigoma