Risala ya Wafuatiliaji wa Wagonjwa wa Saratani, Tanga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na serikali, ndugu waalikwa: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kikundi chetu kilianzishwa na watu waliouguza ndugu zao. Historia ni ndefu na jua ni kali, tunaiacha. Mafanikio ni makubwa: tuna daftari la jalada gumu, meza, na kabati lenye kufuli, jambo ambalo vikundi vingi bado vinaliota.

Mheshimiwa, kila mwaka tunaulizwa, hata na ofisi yako: ni wangapi wanaofikisha miaka 5 tangu wagundulike na saratani? Chukulia wagonjwa 10. Wanne wamefariki, wawili wako hai, wanne hawajulikani walipo. Ukisema hao wanne wako hai, unapata asilimia 60. Ukisema wamekufa, asilimia 20. Daftari ni lile lile.

Mwaka 1958 Wamarekani Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia nzuri: mgonjwa ahesabiwe mpaka siku ya mwisho alipoonekana, kisha atoke kwenye hesabu bila kuitwa hai wala marehemu. Kijana wetu wa kompyuta anaimudu. Ila njia hiyo huchukulia kwamba aliyepotea hana tofauti na anayeendelea kuonekana. Kwetu anayepotea ni yule aliyeishiwa nauli ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, akarudi kwao Maramba au Kilindi. Mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi tulimwandika "hapatikani". Namba tuliyoachiwa ilikuwa ya mwanawe, naye alishabadili laini. Tulipomfikia balozi wa nyumba kumi, alitupeleka kaburini. Majani yalishaota. Kwa hiyo asilimia tunazokuletea, Mheshimiwa, huenda zinapendeza kuliko hali ilivyo.

Dawa yake ni kuwafuata huko huko. Tunaomba pikipiki moja, mafuta yake, na vocha za simu. Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi pikipiki, tukapiga makofi na picha. Aliyemtangulia yeye naye aliahidi pikipiki. Hatumlaumu mtu, barabara zetu tunazijua, pengine zote mbili zingali njiani. Kompyuta ya pili hatuihitaji kwa sasa, tunasema mapema maana ndiyo hupenda kuletwa.

Ankara ya bei imo ndani ya bahasha uliyokabidhiwa mlangoni, na muuzaji tumemwalika, amekaa mstari wa tatu.

Tunaomba kuwasilisha.