Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuambiwe pia ushauri wa lishe umetoka wapi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: USHAHIDI KATIKA MWONGOZO MPYA WA LISHE

Nakusalimu kwa heshima. Wizara yako inaandaa mwongozo mpya wa lishe, na mimi ni miongoni mwa walimu wa lishe watakaoupeleka darasani na kuulizwa maswali yake. Ombi langu ni moja: kila ushauri utakaoandikwa humo uambatane na maelezo mafupi ya aina ya ushahidi uliouzaa. Miongozo mingi niliyosoma inasema "ongeza hiki, punguza kile" kwa sauti ileile kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba yote yanajulikana kwa uhakika sawa. Sivyo yalivyo.

Yapo tunayoyajua barabara. Gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili takriban kilokalori 4, na gramu ya mafuta takriban 9. Wilbur Atwater alifikia makadirio hayo Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na lebo za vyakula zinayatumia mpaka leo. Upungufu wa virutubishi nao tunaujua vizuri. Mwezi Mei 1747, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza HMS Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akawapa chakula cha aina moja na kuwagawa wawili wawili. Kila jozi ilipata tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine asidi ya salfa iliyozimuliwa. Jozi moja ilipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda hayo yaliisha baada ya siku sita tu, lakini kufikia hapo mmoja wa wawili hao alikuwa tayari kurudi kazini. Jeshi la majini lilikuja kuagiza maji ya limau kwa mabaharia wake wote mwaka 1795. Miaka 48, Mheshimiwa, halafu tunalalamika kwamba wizara za leo zinachelewa.

Beriberi (kukosa vitamini B1), pelagra (kukosa niasini, yaani vitamini B3) na rovu (uvimbe wa shingo kwa kukosa madini joto) zina mkondo huohuo: kirutubishi kimoja kimekosekana, ugonjwa mmoja umejitokeza, na ukikirudisha kirutubishi mapema, mgonjwa anapata nafuu au watoto wanaofuata hawaugui tena. Ushauri wa aina hii uandikwe bila kusitasita. Madini joto kwenye chumvi hayahitaji mjadala mwingine.

Mambo hubadilika tukifika kwenye magonjwa ya moyo, saratani na kisukari. Haya huchukua miongo kadhaa kujitokeza, yana visababishi vingi, na hakuna anayeweza kuwafungia watu elfu kumi ndani kwa miaka 20 akiwapimia kila sahani. Kwa hiyo watafiti huwauliza watu wamekula nini, kisha huwafuatilia waone nani ataugua. Naomba msaidizi wako mmoja akuletee dodoso la kawaida la tafiti hizo, ujaribu kulijaza mwenyewe. Utakutana na swali la namna hii: "Katika miezi 12 iliyopita, ulikula karoti mara ngapi kwa wastani? Kamwe; mara 1 hadi 3 kwa mwezi; mara moja kwa wiki; mara 2 hadi 4 kwa wiki..." Halafu linafuata swali la ukubwa wa kipande. Halafu kabichi. Halafu vyakula vingine zaidi ya mia. Mtu mwaminifu kabisa atakisia.

Na si kukisia tu. Upo mtihani wa maji yaliyotiwa alama, ambapo mtu hunywa maji yenye atomu nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha mkojo wake ukapimwa kujua ametumia nishati kiasi gani kwa siku zile. Matokeo yakilinganishwa na maelezo ya mtu mwenyewe, watu wengi huonekana wametaja chakula kidogo kuliko walichokula, na wenye uzito mkubwa hupunguza zaidi. Ongeza hapo kwamba anayekula mboga kwa wingi mara nyingi ndiye huyohuyo asiyevuta sigara, anayefanya mazoezi na mwenye uwezo wa kumwona daktari mapema. Wanatakwimu wana njia za kutenganisha mambo haya, lakini njia hizo haziwezi kurekebisha jambo ambalo halikupimwa.

Mkasa wa beta-karotini unaonyesha hatari ya kutegemea tafiti hizo peke yake vizuri kuliko maelezo yangu. Kwa miaka mingi tafiti za ufuatiliaji zilikuwa zikionyesha kwamba watu wanaokula matunda na mboga zenye beta-karotini, na wenye kiwango kikubwa cha kirutubishi hicho katika damu, hupata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Maelezo ya kibiolojia yalikuwepo na yalivutia. Kilichobaki kilionekana kuwa ni kutengeneza vidonge na kuvigawa. Bahati nzuri, kabla ya kuvigawa kwa umma, vilijaribiwa. Huko Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi yao walimeza beta-karotini, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio jingine, la Marekani, lililowahusu wavutaji sigara, waliowahi kuvuta na watu waliofanya kazi kwenye asbesto (madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu), lilisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996, baada ya kuonekana ongezeko la asilimia 28 kwa waliomeza beta-karotini pamoja na vitamini A.

Tafiti za awali hazikuwa za uongo. Walaji wa mboga walikuwa kweli wakiugua kidogo. Kilichokuwa kibovu ni kuruka kutoka "wanaokula hivi wana afya" hadi "kirutubishi hiki ndicho kinachowapa afya". Nasikitika kusema kwamba mruko huohuo naukuta katika mabango ya kliniki na vipindi vya redio karibu kila wiki.

Wapo watakaoushika mkasa huu na kudai kwamba sayansi ya lishe yote ni ubabaishaji. Hao nao wamepotoka. Mwaka 1991 jaribio lililofanyika katika nchi saba lilionyesha kwamba asidi ya foliki, ikitumika tangu kabla ya mimba, ilipunguza kwa asilimia 72 kasoro za mrija wa neva (za ubongo na uti wa mgongo) kwa watoto wa wanawake ambao ujauzito wao wa awali uliwahi kupata kasoro hiyo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne: wiki mbili za vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na mbili za vyakula visivyosindikwa hivyo. Milo iliyowekwa mezani ilisawazishwa kwa nishati, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliachwa ale atakavyo. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka uzito wa karibu kilo moja. Watu 20 ni wachache, na wiki mbili ni muda mfupi. Lakini kila tonge lilipimwa, hakuna aliyeulizwa kukumbuka.

Hivyo ndivyo ningependa mwongozo uzungumze, ukitaja nguvu na udhaifu pamoja.

Kuna suala la namba pia. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, likikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba nyama hizo ni hatari sawa na sigara, kwa kuwa sigara nayo imo kundi hilo. Makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi. Ukubwa wa madhara ni suala jingine kabisa. Na asilimia 18 ya nini? Tuseme kati ya watu 100, watano wangepata ugonjwa huo maishani. Ongezeko la asilimia 18 linawafikisha karibu sita. Mwananchi akipewa namba hizo mbili, tano na sita, ataamua mwenyewe kwa utulivu. Akipewa "asilimia 18" peke yake, ataogopa wiki moja kisha atapuuza yote.

Vivyo hivyo viwango vya kila siku vya vitamini na madini. Huwekwa juu makusudi ili vitoshe mahitaji ya takriban asilimia 97 hadi 98 ya watu wenye afya, maana yake wengi wanahitaji chini ya hapo. Mwongozo usiposema hivyo, wauza vidonge watasema wanavyotaka.

Suala la mwisho ni la pesa, nalo naomba lisiachwe kwa adabu. Mwaka 1967 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha mapitio yaliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari uzito. Nyaraka zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba waandishi walilipwa na taasisi ya wafanyabiashara wa sukari, bila kulitaja hilo katika andiko lao. Majina ya wajumbe wa kamati yako yatangazwe, na pembeni ya kila jina iandikwe nani amewahi kumlipa.

Hakuna ninachoomba kisichowezekana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa sukari, lilipendekeza kwa msisitizo kwamba sukari huru (inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ya asali na juisi) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likaongeza pendekezo la kushuka chini ya asilimia 5 likisema wazi kwamba hilo ni la masharti, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Sentensi mbili tu, na msomaji anajua asimame wapi.

Naomba rasimu itakapofunguliwa kwa maoni ya wananchi, jedwali la ushahidi liambatane nayo, pamoja na orodha ya tafiti zilizokataliwa na sababu za kuzikataa. Sisi walimu tuko tayari kulisoma na kutoa maoni kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa lishe